Kaka yangu aliuza mikarafuu baada ya kuanguka: mtaalamu wa ubongo atatusaidia nini mahkamani?

SWALI

Assalaam alaykum Daktari. Naandika kutoka Wete. Msimu wa karafuu wa mwaka juzi kaka yangu, mwenye miaka 43, alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Alipoteza fahamu tangu alasiri mpaka kesho yake adhuhuri. Baadaye alipelekwa Unguja kupigwa picha ya CT Scan, tukaambiwa picha ni safi. Amerudi nyumbani anaongea, anatembea, anasali, na Yasini anaisoma kwa moyo kama zamani. Lakini si yule. Ana hasira za papo kwa papo, pesa hazikai mkononi, na anamwamini kila anayemsifu. Hata harufu ya karafuu zilizoanikwa jamvini anasema haisikii. Miezi minane baada ya kuanguka alimuuzia jirani mikarafuu 22 ya urithi wake kwa bei isiyofika hata mavuno ya msimu mmoja mzuri, na pesa zikaisha kwa wiki tatu. Tumefungua kesi kwa niaba yake, ingawa yeye mwenyewe anasema aliuza chake kwa hiari yake. Wakili wa mnunuzi anasema mtu mwenye picha safi na mwenye Yasini kifuani ana akili timamu. Wakili wetu anataka tutafute mtaalamu wa saikolojia ya ubongo. Je, mahkama itamsikiliza mtu ambaye si daktari wa hospitali? Na kama picha haikuonesha kitu, yeye ataonesha nini?

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Poleni kwa mtihani huu, na yeye mpe pole yake mbali, maana watu wengi humsahau mgonjwa wa namna hii kwa kuwa hana bandeji.

Nianzie pale ulipopita haraka: hasikii harufu ya karafuu. Pemba msimu ukifika njia nzima inanukia, na mchumaji aliyekulia humo anaposema hasikii kitu jamvini, mimi husimama hapo. Nyuzi za mishipa ya kunusia hutoka puani kuingia kwenye ubongo kwa kupita katika vitundu vidogo vya mfupa uliotoboka kama chekeche. Kichwa kikigonga chini kwa nguvu, ubongo husogea ndani ya fuvu na nyuzi zile hukatika. Juu tu ya mfupa huo umelala upande wa chini wa ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso na juu ya macho. Ndiyo sehemu inayomsaidia mtu kujizuia, kupima faida na hasara, na kumshuku anayestahili kushukiwa. Sakafu ya fuvu hapo ina mifupa yenye makali, na ubongo ukiburuzwa juu yake huchubuka. Kwa hiyo ajali inayomwondolea mtu harufu mara nyingi huwa imemgusa pia mahali pa busara. Nasema mara nyingi, wala si kila mara. Pua iliyovunjika, mafua sugu au UVIKO navyo huondoa harufu, na mtaalamu wenu lazima avichunguze vyote kabla ya kufungua mdomo mbele ya hakimu.

Kupima harufu si kumpa karafuu na kumuuliza. Karafuu ikiwa nyingi huchoma pua kidogo, na siki huchoma zaidi. Mchomo huo hupita kwenye mshipa mwingine, si ule wa kunusia. Mtu aliyepoteza harufu kweli bado atashtuka akisogezewa siki, lakini kahawa na sabuni hatazijua. Anayesema hasikii chochote, hata siki, ameshatueleza jambo jingine: huenda anajifanya.

Kuhusu picha safi. CT Scan ni nzuri sana kwa kuonesha damu iliyovuja, mfupa uliopasuka au uvimbe. Haioni nyuzi nyembamba zilizonyooshwa na kukatika ndani kwa ndani kichwa kilipotikisika. Tena picha iliyopigwa siku nyingi baada ya ajali inaweza kukuta damu ndogo imeshanyonywa na mwili. Neno "safi" kwenye ripoti lina maana kwamba hakuna kilichoonekana kwa chombo kile siku ile. Wakili wa mnunuzi amelifanya liwe na maana ya "mzima", na hapo ndipo wakili wenu amkamate.

Daftari la hospitali lina uzito kuliko picha. Tangu mwaka 1974 madaktari wanatumia kipimo cha fahamu kilichoanzia Glasgow, chenye alama 3 mpaka 15, kwa kuangalia macho, maneno na mwendo wa viungo. Alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha jepesi, 9 hadi 12 la kati, na 8 kushuka chini ni zito. Kama muuguzi aliandika alama hizo jioni ile, karatasi hiyo ni dhahabu. Kama hakuandika, tafuteni waliomuokota na waliomkesha. Jambo la kuwauliza halihusu saa aliyofumbua macho tu. Waulizeni ni siku gani alianza kushika mambo mfululizo, akawa haulizi tena kila baada ya muda mfupi, "Hapa ni wapi?" Urefu wa kipindi hicho cha kutoshika mambo ni kati ya dalili tunazoziamini sana za ukubwa wa jeraha.

Sasa Yasini, na naisema kwa heshima zote. Kilichohifadhiwa utotoni chuoni, kikarudiwa kila alfajiri kwa miaka thelathini, huzama mahali ambapo jeraha la mbele ya ubongo halifiki kwa urahisi. Nimekaa na watu waliosoma juzuu nzima bila kuteleza, kisha wakashindwa kunipangia safari ya kutoka Konde kwenda Mkoani ikiwa nimewapa mambo matatu ya kufanya njiani. Kuhifadhi ni kazi moja ya ubongo, kuamua ni nyingine. Dunia ilianza kulijua hilo kwa uchungu mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, pale Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, alipopitiwa na chuma cha zaidi ya mita moja kilichoingia chini ya shavu na kutokea utosini. Alinusurika, aliongea, alitembea, aliishi mpaka 1860. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Ni maneno yako wewe, dada yangu, uliponiandikia "si yule".

Kazi ya nyurosaikolojia, yaani hiyo saikolojia ya ubongo aliyoitaja wakili wenu, ni kuligeuza hilo "si yule" liwe jambo linaloweza kupimwa na kuhojiwa. Mtaalamu atakaa na kaka yako saa nne, tano, pengine kwa siku mbili. Atampima kumbukumbu mpya, umakini, kasi ya kufikiri, uwezo wa kubadili njia pale ya kwanza inapokwama, uwezo wa kuzuia jibu la haraka. Baadhi ya vipimo humtaka achague mara nyingi kati ya faida kubwa ya sasa yenye hasara mbele na faida ndogo ya kudumu, halafu huangaliwa kama anajifunza kutokana na kuumia. Wenye jeraha la sehemu ile niliyoitaja mara nyingi hawajifunzi. Wanaweza hata kukueleza kwa mdomo kwamba njia ile ina hasara, kisha mkono ukaenda huko huko. Ndiyo sababu mtu wa aina hii humpendeza hakimu akiongea naye dakika kumi. Mahkamani pametulia, mtu mmoja anauliza, mmoja anajibu. Shambani, jirani anamsifu huku ameshika noti.

Lakini hapa nina jambo linaloniuma, na nitalikalia kidogo. Vipimo hivi vingi vilitengenezwa Marekani na Uingereza, na akiviendesha mtu asiyejua lugha yetu kwa ndani, vinamwonea mtu. Kuna kipimo kinachotumika dunia nzima cha kuchora saa: unachora duara, unaweka namba, kisha unaambiwa onesha saa, kwa kawaida ile ambayo Waingereza huiita kumi na moja na dakika kumi. Niliwahi kuletewa ripoti ya mzee mmoja mvuvi wa kaskazini ya Unguja iliyosema ubongo wake umechakaa. Moja ya sababu ni kwamba mshale mfupi ameuweka kwenye 5 badala ya 11. Nikaangalia tafsiri: aliambiwa kwa Kiswahili, "Onesha saa kumi na moja na dakika kumi." Mzee akachora jioni, alasiri imeshapita na magharibi haijafika, mshale mfupi kwenye 5, kama mtu yeyote miongoni mwetu angefanya. Alikuwa sahihi kabisa. Aliyekosea ni mpimaji, na ripoti ile ilikuwa inakwenda kwenye shauri la nyumba yake. Mzee huyo huyo alinihesabia bamvua na maji mafu ya mwezi mzima bila karatasi. Mchemraba alishindwa kuuchora kwa kuwa penseli hakuwahi kuishika maishani mwake.

Hata tarakimu zina mtego. Katika kipimo cha kurudia namba, Mwingereza hutamka moja mpaka tisa kwa silabi moja moja isipokuwa saba peke yake. Sisi zote ni silabi mbili au zaidi: moja, mbili, tatu, nne. Maneno marefu hujaza haraka nafasi ya kumbukumbu ya muda mfupi. Mwaka 1980 watafiti walionesha kwamba watu wa Wales walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelishi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu ya urefu wa matamshi tu. Ukimpima Mpemba kwa Kiswahili ukamlinganisha na mtu wa London, umempunguzia akili kwa lugha yake. Ziko pia picha za kutaja majina, ndani yake mna nyumba ya barafu na wanyama wa mito ya baridi. Mpe kaka yako mbuzi ya kukunia nazi, ngalawa, kibatari na kipepeo cha kupepea moto, ndipo utajua kama anapoteza majina ya vitu.

Kwa hiyo ulizeni mapema. Mtaalamu mtakayempata atampima kwa lugha gani, na atamlinganisha na nani? Akijibu kwa wasiwasi, mtafuteni mwingine. Akiwa mkweli ataandika kwenye ripoti yake kwamba viwango vya kulinganishia kwa watu wetu ni vichache, atatumia vipimo visivyotegemea skuli sana, na atamlinganisha kaka yako na kaka yako mwenyewe wa kabla ya ajali. Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu Pemba, kwa kuwa mashahidi wapo. Aliyekuwa akigawana naye vibarua wa kuchuma, mwenye duka aliyekuwa akimkopesha, mkewe, sheha. Kila mmoja aeleze tukio, asitoe hukumu. "Zamani alikuwa akipima karafuu pishi kwa pishi na kuandika, msimu uliofuata alizitoa bila kuhesabu" ni ushahidi. "Ameharibikiwa" si ushahidi.

Wakili wa upande wa pili bila shaka atasema anajifanya, na ana haki ya kusema hivyo. Sisi tuna njia za kulipima hilo, na ripoti isiyokuwa nazo ni dhaifu. Kwa mfano mtu huoneshwa picha 50, kisha anapewa mbili mbili achague aliyoiona. Asiyekumbuka kitu kabisa, akibahatisha tu, atapata kama 25. Anayepata 10 amelijua jibu na kulikwepa. Nawaomba kwa hili msimfundishe kaka yenu cha kusema wala kumwambia "fanya vibaya kidogo". Mtu mwenye jeraha la kweli aliyefundishwa kudanganya hupoteza kesi ya haki.

Sasa suala la mahkama kumsikiliza asiyekuwa daktari. Marekani swali hilo lilikuwa moto mpaka mwaka 1962, katika shauri la Jenkins, pale Mahkama ya Rufaa ya Washington iliposema mwanasaikolojia hazuiliwi kutoa maoni kuhusu maradhi ya akili kwa sababu tu hana shahada ya udaktari. Linaloangaliwa ni elimu na uzoefu wake katika jambo lenyewe. Kwetu, Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar ya 2016 ni mrithi wa mapokeo yaliyotokana na sheria ya India ya 1872, ambayo hupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu pale mahkama inapohitaji kujua jambo la kisayansi. Mtaalamu wenu atatakiwa kuonesha alisoma wapi, amepima watu wangapi wa aina hii, na ametumia njia gani. Kisha atakutana na maswali ya dodoso kutoka kwa wakili wa upande wa pili. Na maoni yake hayamfungi jaji. Ni sawa iwe hivyo, kwa kuwa mimi naweza kusema ubongo unashindwa nini, lakini nani mwenye mikarafuu si langu kuamua.

Hapo ndipo kwenye kiini cha kesi yenu, na naona mnaelekea kukikosa. Mmeanza kubishana kama ana akili au hana. Hilo silo swali. Sheria za mikataba zenye asili ile ile ya India humwona mtu anafaa kufunga mkataba ikiwa, wakati anaufunga, anaweza kuuelewa na kufikia uamuzi wa busara kuhusu athari zake kwa maslahi yake. Angalia maneno mawili: kuelewa, na busara ya kupima athari. Kaka yako bila shaka alielewa kwamba anauza. Shida yenu iko kwenye la pili. Na sharti linahusu siku ile, mkataba ule. Mtaalamu anampima leo, kwa hiyo lazima ajenge daraja la kurudi nyuma: jeraha lilikuwepo kabla ya mauzo, majeraha ya namna hii kwa kawaida huwa mabaya zaidi mwanzoni kuliko baadaye, na tabia waliyoiona mashahidi mwezi ule inafanana na udhaifu unaoonekana leo. Daraja likikatika popote, ripoti nzuri inabaki kuwa karatasi.

Fiqhi yetu ilishaliona hili zamani. Sote tunaijua hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa watu watatu, aliyelala, mtoto na mwendawazimu. Lakini mbali na mwendawazimu, mafakihi wana mlango wa safihi, mtu mwenye akili zake asiyeweza kuhifadhi mali. Kaka yako kwa ulivyomweleza hafanani na wa kwanza. Shauri lenu la mauzo halipo kwa Kadhi, lakini tofauti hiyo itamsaidia wakili wenu kulieleza jambo kwa lugha ambayo kila aliyekaa mahkamani anaielewa.

Usichanganye pia na kesi za jinai. Kule swali linatokana na shauri la Daniel M'Naghten, Uingereza 1843: je, maradhi ya akili yalimfanya asijue analolifanya, au asijue kwamba ni kosa? Ni kizingiti kirefu zaidi, na mshtakiwa huangaliwa na daktari wa magonjwa ya akili. Watu wakisikia "kesi ya akili" huwazia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Kaka yako hana haja ya kupelekwa huko ili ripoti yake ipokelewe.

Lazima nikuambie na upande mchungu. Bei ya hasara haithibitishi kitu. Watu wazima wangapi wameuza urithi kwa bei ya chini, kwa dhiki, kwa haraka, kwa kutojua? Sheria inampa mtu mzima haki ya kukosea na chake. Inawezekana mtaalamu akampima kaka yako akasema uwezo wake unatosha. Mkimlipa ili aseme mnachotaka, wakili wa mnunuzi atalijua hilo ndani ya maswali matano. Ikiwa mnunuzi alijua hali yake na akamwendea akiwa peke yake, huenda njia bora ni hiyo ya kudhulumiwa na aliyemzidi nguvu. Mwulizeni wakili wenu kuihusu.

Na kaka yako mwenyewe, mmeketi naye? Anasema aliuza chake. Kutoijua hasara yake mwenyewe inaweza kuwa sehemu ya jeraha, na inaweza kuwa heshima ya mwanamme anayesikia ndugu zake wakimwita punguani mbele ya mji. Mwambieni mnachokitafuta ni mikarafuu yake, si jina lake. Mwambieni pia kwamba atakayoyasema kwa mtaalamu huyu si siri kama ya tabibu; yataandikwa na kusomwa mahkamani. Akikataa kupimwa, msimburure. Na ombeni uamuzi unaohusu mauzo yale tu. Mkipata hukumu kwamba hawezi jambo lolote, mtamnyima hata haki ya kuuza mbuzi wake.

Mimi siwezi kuwa mtaalamu wenu, kwa kuwa nimeshasikia upande mmoja na nimeshaandika haya. Atakayekuja mpelekeeni karatasi zote za hospitali, pamoja na zile zinazoonekana kuwakata, hati ya mauzo, na daftari lolote la hesabu ambalo kaka yako aliliandika kwa mkono wake kabla na baada ya kuanguka. Siku ya kupimwa awe amelala vya kutosha, amekunywa chai, na kama anatumia miwani aje nayo. Isiwe Ramadhani mchana. Mkewe aende naye, lakini akae nje ya chumba wakati wa kupimwa, kisha naye azungumzwe peke yake. Yeye ndiye aliyelala na yule wa zamani na huyu wa sasa chini ya paa moja.